Kicheko cha Heshima katika Jamhuri ya Maridhawa

Jamhuri ya Maridhawa haipakani na nchi yoyote mnayoifahamu, kwa hiyo msomaji asianze kuwatazama majirani zake kwa jicho la pembeni. Ni nchi ya amani, yenye mito mingi, na wizara nyingi kuliko mito. Mvua huko hunyesha baada ya kutangazwa redioni. Ikinyesha kabla, huitwa umande, na mafuriko yake hayahesabiki.

Katika nchi hiyo alikuwepo binti mmoja, Sikudhani Makolela, aliyekuwa akisomea ualimu. Wenzake walimwita Siku. Alikuwa mtu asiyetulia hata kidogo: akiketi, goti lilitikisika mpaka benchi zima likatikisika naye, akisimama, alihama mguu huu akaenda ule kama aliyekanyaga siafu. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa kijijini Kinulumbe na shangazi yake, Mwajabu, mwanamke mnene wa sauti nene, aliyependa kupendeza na asiyependa kuambiwa la kufanya.

Siku alipokuwa mwaka wa mwisho, Wizara ya Elimu, Mila na Uchangamfu ilitoa agizo. Kila mwanachuo wa ualimu atengeneze video ya kuwafundisha watoto wa darasa la nne utamaduni wa kwao, na asiyetengeneza asipewe cheti. Agizo lilikuwa na chanzo chake. Waziri alikuwa amealikwa ng'ambo, na katikati ya chakula mwenyeji wake akamwuliza ngoma ya kwao ni ipi. Akajibu kwamba wanazo nyingi mno. Akaombwa aonyeshe mojawapo. Alichoonyesha hakijulikani mpaka leo, ila alirudi nyumbani kabla ya ziara kwisha.

Siku alipangwa pamoja na kijana aitwaye Shamte, mcheshi, ambaye mjomba wake alikuwa mpiga video za harusi. Wakaiazima kamera ya mjomba, wakashika njia ya Kinulumbe.

*

Siku alijua anachokitaka. Kwao Kinulumbe, mtama mpya ukishavunwa, wanawake hutoa vinu nje na kutwanga pamoja, nao hucheza ngoma ya msuto. Mkubwa wa kijiji, awe mtemi wa zamani au mtendaji wa sasa, husimamishwa katikati ya vinu na ungo kichwani. Wanawake hutwanga wakimwimbia makosa yake ya mwaka mzima. Haruhusiwi kujibu wala kuondoka mpaka unga uchekechwe. Ukishachekechwa, ugali husongwa, naye ndiye hupewa tonge la kwanza. Mambo huisha hapo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Huyu nani?"

"Mwenzangu wa chuo, Shamte. Ndiye atakayetupiga picha."

Shangazi Mwajabu akamtazama Shamte, kisha kamera. "Itatufikisha wapi hiyo?"

"Shule zote za nchi. Watoto wote watakuona."

"Wote?"

"Wote, shangazi."

Mama yule akaingia ndani, akakaa humo muda mrefu, akatoka amevaa doti ya kanga ambayo Siku hakuwahi kuiona, yenye mikunjo ya dukani. Akajishika kiuno. "Nigeukie wapi?"

Mwaka huo Mtendaji wa kijiji alikuwa na jambo la kuimbiwa. Pampu ya kisima cha wote ilikuwa imeng'olewa kwa ajili ya matengenezo, na ilipokwisha kutengenezwa ikafungwa shambani kwake, kwenye nyanya. Basi akasimamishwa katikati, ungo kichwani, macho yakitazama vidole vya miguu. Michi ikapanda na kushuka. Shangazi Mwajabu akatoa sauti:

*Kisima kilikuwa njiani, leo kiko shambani kwa nani?*

Wenzake wakaitikia: *Ndoo zinauliza, ndoo zinauliza!*

*Kilikwenda kwa miguu, au kilibebwa mgongoni?*

*Ndoo zinauliza, ndoo zinauliza!*

Shamte alicheka mpaka kamera ikacheza mkononi. Siku alizunguka vinu mbio mbio, mara huku, mara kule, moyo ukimwenda kama mchi. Alifurahi, na humo humo ndani ya furaha aliogopa, kwa sababu alikuwa ameishi Maridhawa tangu azaliwe.

Ugali ulipoliwa, Mtendaji mwenyewe aliosha mikono akasema, "Wiki ijayo nitairudisha." Na ukweli usemwe, aliirudisha.

*

Kabla video haijafika kwa mkufunzi, ilipaswa kupita Idara ya Mila Zilizothibitishwa. Mkurugenzi wa idara alikuwa Bwana Ludigija Pomoni, mtu mfupi, msafi, aliyezungumza taratibu kana kwamba kila neno lake linachongwa kwenye jiwe na fundi hajamaliza. Aliitazama video yote bila kupepesa. Kisha akazima, akafungua dirisha, akalifunga.

"Vijana," alisema, "taifa lisilo na mila ni taifa ambalo mila zake hazijathibitishwa. Mmefanya kazi kubwa. Tutairekebisha kidogo tu."

"Wapi, mzee?" Siku akauliza.

"Kwanza, hawa wanawake. Wamechakaa. Mtoto akiwaona atadhani mila ni kitu cha zamani."

Shamte akakohoa.

"Pili, huyu kiongozi. Kwa nini amesimama na watu wake wapo? Akae. Apewe kiti chenye mikono, na hao wampepee. Tatu, hii michi. Nimeitazama kwa makini. Mchi unapoinuliwa mbele ya kiongozi unakuwa umeinuliwa dhidi ya kiongozi. Watwange bila kuinua."

"Mzee, mchi usipoinuliwa hautwangi."

"Binti, nani amekwambia tunataka unga? Tunataka mila." Akameza mate. "Nne, wimbo. Sina ugomvi na kisima. Ila hizo ndoo zinauliza nini? Ndoo haziulizi. Ndoo hushukuru."

Siku alikuwa amekaa juu ya mikono yake ili goti litulie, wala halikutulia. Alisema polepole, "Na tukikataa?"

Bwana Ludigija akatabasamu kwa huruma ya kweli. "Hakuna anayewalazimisha. Maridhawa ni nchi huru. Mtabaki bila cheti, kwa uhuru kabisa."

Njiani Shamte alisema kwamba yeye ana mjomba na kamera, anaweza kuishi kwa harusi za watu. Siku hakuwa na mjomba. Alikuwa na shangazi aliyeuza mbuzi baada ya mbuzi ili yeye asome, na aliyekuwa akiwaambia wanawake kisimani kwamba mwaka kesho nyumbani kwake kutakuwa na mwalimu. Alitembea kulizunguka bweni mpaka wapishi wakamwuliza kama amepoteza kitu. Kesho yake akarudi idarani, akakubali.

*

Video mpya ilipigwa mjini, katika ukumbi wenye zulia. Nafasi ya wanawake wa Kinulumbe ilijazwa na kwaya ya Mamlaka ya Maji, mabinti wenye kucha ndefu zilizopakwa rangi. Vinu vilichongwa kwa sponji, vikapakwa kahawia. Kwa kuwa michi haikuruhusiwa kuinuliwa, mabinti waliizungusha ndani ya vinu kama wakorogao uji, wakitabasamu. Kiongozi alikuwa binamu wa Bwana Ludigija. Alilala usingizi kwenye kiti chake, na Mkurugenzi akaamuru usingizi huo ubaki, maana unaonyesha utulivu wa nchi.

*Kisima kimehamia penye usalama,* waliimba, *ndoo zinashukuru, ndoo zinashukuru!*

Binti aliyeshika nafasi ya Shangazi Mwajabu aliwekewa mito chini ya kanga ili anenepe.

Siku ndiye aliyesoma maelezo. "Watoto wapenzi," alisema kwenye kipaza sauti, "tangu enzi za mababu, wanawake wa Kinulumbe humshukuru kiongozi wao kila mavuno kwa kumpepea." Ilibidi arudie mara kadhaa kwa sababu sauti ilitetemeka. Mwishowe Mkurugenzi akasema mtetemeko huo unafaa, unasikika kama uzalendo. Video ya kwanza ikafutwa mbele ya mashahidi.

Basi mila ilipokwisha kuthibitishwa, ikaonekana kwamba huko Kinulumbe inafanywa vibaya. Idara ikatuma mkufunzi wa kusahihisha.

Simu ya Siku ikalia akiwa anafua.

"Siku, mwanangu, kuna kijana hapa ananifundisha kutwanga."

Siku akaanza kusugua shati kwa mkono mmoja.

"Anasema nakosea. Anasema nisiinue mchi. Nimemwambia, baba, wewe mama yako alikulisha nini? Akasema niangalie video. Hiyo video si yetu sisi?"

"Ni... imehaririwa kidogo, shangazi."

"Imefanywaje?"

"Imetengenezwa vizuri."

"Aa, sawa. Tumealikwa uzinduzi, unajua? Waziri atakuwepo. Nimeiweka ile kanga, sijaifua ili isipauke."

Siku aliirudisha simu mfukoni, akaendelea kulisugua shati lile lile mpaka kola ikachanika. Mara nyingi baadaye alishika simu ili aseme. Kila mara alitafuta neno la kuanzia, hakulipata, akaishia kumwuliza shangazi habari za kuku.

*

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi wa wilaya, mchana kweupe, mapazia yakiwa yamefungwa. Wanawake wa Kinulumbe waliletwa na lori la serikali, wakakalishwa mstari wa mbele kabisa kwa kuwa televisheni inapenda vitambaa vya kichwa. Waziri, Mheshimiwa Dokta Kagulumo, alihutubia kwanza. Alisema kwamba mila ndiyo mzizi, na mzizi ndio shina, na shina ndilo tawi, na kwa hiyo, kwa ufupi, serikali ndiyo mti. Watu wakapiga makofi. Siku alisimama ukutani karibu na mlango, Shamte pembeni yake akimwambia, "Tulia, utang'oa rangi ya ukuta."

Video ikaanza.

Siku hakuitazama. Alimtazama shangazi yake. Alimwona akinyoosha shingo, akijitafuta. Alimwona akimtafuta jirani yake, na mwingine, na mwingine. Akamwona akimtambua yule binti mwenye mito, kwa sababu alikuwa amefungwa kilemba kwa mtindo wake. Kisha ikaja sauti, *watoto wapenzi*, na Shangazi Mwajabu akageuza kichwa polepole, akiangaza ukumbi mzima gizani, mpaka macho yake yakamkuta mwanawe ukutani.

Shangazi akarudi kutazama mbele. Hapo mabinti walikuwa wanakoroga michi na kiongozi anakoroma. Ikasikika sauti kama kikohozi, ndogo, iliyobanwa. Ikarudi. Kisha ikafunguka, kicheko kizito kutoka tumboni, na jirani yake akakidaka, na mwingine akakidaka, mpaka mstari mzima wa mbele ukawa unayumba, wanawake wazima wakishikana mabega, wakifuta machozi kwa pembe za kanga.

Video ikasimamishwa. Taa zikawashwa. Askari wakasogea.

"Kuna nini?" Waziri akauliza. "Nani anachekwa hapa?"

Bwana Ludigija alikuwa amelowa jasho mpaka kola. "Mheshimiwa, ni... mtengenezaji wa video yupo. Atafafanua."

Siku akasukumwa jukwaani. Kipaza sauti kilikuwa kirefu kwake. Mbele yake aliwaona askari wakiwa wameshajipanga nyuma ya viti vya shangazi zake, na mmoja ameshaweka mkono kwenye kiti cha Mwajabu. Hakuwa na muda wa kuwaza. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "kwa mila ya Kinulumbe, mwanamke anapoguswa sana na uongozi bora, hucheka. Ndiyo heshima ya juu kabisa. Makofi ni ya watoto."

Dokta Kagulumo akatafakari, uso ukipanuka pole pole kama chapati kwenye kikaango.

"Kumbe," alisema. Kisha akawageukia waliosalia, mkuu wa wilaya, wakaguzi wa elimu, wakufunzi, waandishi. "Na ninyi wengine? Mimi nimehutubia hapa nusu ya mchana. Mbona mlinipigia makofi?"

Mkuu wa wilaya akawa wa kwanza. Akacheka. Wakaguzi wakacheka. Bwana Ludigija Pomoni, ambaye inasemekana hakuwahi kucheka, alifungua kinywa akatoa mlio kama wa bawaba isiyotiwa mafuta. Askari wakatazamana, wakacheka nao.

*

Nje, lori likiunguruma, Siku alimkimbilia shangazi yake. Alimkuta hacheki.

"Ile sauti ni yako."

"Ni yangu, shangazi."

"Ulijua toka lini?"

"Toka mwanzo."

Mama yule alikuwa akikunja kanga ya juu, akiifuata mikunjo yake ya dukani. "Umetuokoa na askari. Kwa hilo ahsante. Lakini uliniambia watoto wataniona, Siku. Nikawaambia wenzangu. Nikavaa. Tena kila siku naongea nawe kwenye simu, unaniuliza kuku."

"Walisema wataninyima cheti."

"Ungeniambia. Ningekutukana, kisha tungekaa tukafikiri. Sasa umeniamulia peke yako."

Akapanda lori bila kuaga. Siku alibaki amesimama pale, na Shamte alisema baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza kumwona miguu yote miwili imetulia chini.

*

Sasa, Maridhawa ni nchi inayofanya mambo yake mara moja. Kabla wiki haijaisha ukatoka Waraka wa Kicheko cha Heshima. Makofi yakapigwa marufuku. Kiongozi akihutubia, wananchi wacheke. Kadiri cheo kinavyopanda, ndivyo kicheko kirefuke. Asiyecheka ahojiwe.

Mwanzoni viongozi waliupenda waraka huo mno. Waziri wa Fedha aliposoma hali ya uchumi, bunge lilicheka mpaka spika akaanguka kitini, na magazeti yakasema haijawahi kutokea hotuba iliyopokelewa hivyo. Waziri wa Barabara alipotaja barabara, wananchi walilala chini wakishika mbavu. Wale walioogopa kwa miaka kufungua midomo sasa walifungua mpaka magego yakaonekana, na askari wakawasimamia wasipunguze.

Kisha wakubwa wakaanza kusikiliza. Dokta Kagulumo akawa anakagua zipu yake kabla ya kila hotuba, na katikati ya hotuba, na baada. Rais mwenyewe alifupisha salamu zake za mwaka mpya zikawa "Habari zenu," na hata hivyo watu walicheka. Bwana Ludigija akaagizwa atafute njia ya kutofautisha kicheko cha heshima na kile kingine. Alizunguka nchi nzima na kinasa sauti, akarudi amepoteza usingizi, akaandika kwamba vyote vinatoka mahali pamoja. Kuufuta waraka kukashindikana, kwa maana aliyeufuta angelazimika kueleza kwamba amegundua anachekwa.

Siku alipewa cheti, tena chenye pongezi. Aliulizwa anataka shule gani, mjini au pwani. Akasema Kinulumbe.

*

Alifika kwa shangazi yake jioni ya Jumamosi. Alipokewa kwa kuwekewa maji ya kuoga na chakula, na hakusemeshwa. Jumapili vile vile. Jumatatu asubuhi, akiwa mlangoni na vitabu mkononi, akasema, "Shangazi, leo natakiwa kuwaonyesha ile video. Ni somo la lazima. Nakuomba uje."

"Nije kucheka?"

"Uje tu."

Shangazi Mwajabu akaendelea kupeta mtama wake.

Darasa la nne la Kinulumbe lilikuwa na televisheni iliyoletwa na serikali na umeme uliokuja siku ulipopenda. Asubuhi hiyo ulikuwepo. Siku akaweka video, na sauti yake mwenyewe ikajaa chumbani: *Watoto wapenzi, tangu enzi za mababu...* Watoto wakaanza kucheka kama walivyofundishwa, kwa pamoja, kama wanaokariri jedwali. Wengi wao mama zao walikuwa wameketi mstari ule wa mbele siku ya uzinduzi.

Siku akaizima televisheni.

"Nisikilizeni," alisema. Goti lilianza, akaliacha litikisike. "Hiyo sauti ni yangu. Na nilichokisema si kweli. Nilikijua si kweli, nikakisema kwa sababu niliogopa kukosa cheti. Na ile ya kwamba kucheka ni mila yetu, niliitunga mimi."

Watoto wakacheka. Mwalimu alikuwa mtu wa serikali, naye alikuwa anahutubia. Walicheka vizuri, kwa adabu, na alivyozidi kusema "si kweli" ndivyo walivyozidi kucheka, mpaka Siku akakatiza, akatambua kwamba ameijenga nchi ambayo mtu hawezi kuungama ndani yake.

Ila dawati la nyuma msichana mmoja, Tabu, binti wa yule Mtendaji, alikuwa hacheki. Jirani yake alimfinya ili asipelekwe kuhojiwa. Akamsukuma mkono, akasimama.

"Mwalimu, kama hiyo si kweli, wanafanyaje kwa kweli? Mimi baba hataki kunihadithia."

Kicheko kikapungua, kikafa. Video ya kwanza ilikwisha kufutwa, na Siku mwenyewe hakuwahi kushika mchi mbele ya watu. Alitazama mlangoni. Pale nje, akiwa amevaa nguo zake za kazini, unga umempaka mpaka kwenye nyusi, Shangazi Mwajabu alikuwa amesimama. Na kwa jinsi alivyoegemea fremu, alikuwepo muda mrefu.

"Shangazi," Siku akasema. "Karibu ndani. Mimi siwezi."

Mama yule akaingia. Akatazama ubao, akaitazama televisheni iliyozimwa, akampita mwanawe akimgusa bega kidogo kama anayejitafutia njia. Kisha akawageukia watoto waliokaa wima, mikono juu ya madawati, wakingoja kuambiwa lini wacheke.

"Na nyie," akasema, "nani kawaambia mkae? Simameni, twendeni nje."